Nusu Kidonge

Kisanduku cha fomu kina nafasi ya herufi kumi na nne,
nimezihesabu kwa ncha ya kalamu.
Mahali pa kuzaliwa, inauliza halmashauri,
nami nimeinama mezani kwa Kankuben Gudhka,
Loughborough, ghorofa ya chini, hita inakoroma,
mvua ya Machi inaparua dirisha kama kuku.

"Andika Navanagar," anasema.
Naandika N.
"Ngoja. Ile ilikuwa ya Jam, mfalme yetu.
Mimi iko miaka kumi, wanakuja watu na karatasi,
wanafagia wafalme wote, mia mbili na zaidi,
kama makombo, wanafanya jimbo moja:
Saurashtra. Futa."

Nafuta. Kiswahili chake ni cha kaunta,
Thika, mwaka hamsini na nne,
cha leta senti kumi, chukua kibiriti,
hakijapigwa pasi tangu siku ile,
na mimi niliyefunzwa ngeli kwa kiboko
simsahihishi.

"Mimi nafika Thika, nyuma yangu
wanatia Saurashtra ndani ya Bombay. Miaka nne tu!
Halafu wanakata Bombay, inatoka Gujarati.
Kijiji hapana sogea hata hatua moja.
Kisima ile ile. Mwarobaini mbili."

Kisha, ili nielewe, anafungua kisanduku cha dawa,
kile cha siku saba nilichoapa kukilinda,
na kuimwaga Alhamisi nzima kitambaani.
Cha buluu, cha presha: Jamnagar,
juu kabisa, kwenye mdomo wa ghuba.
Ghuba ni kijiko. Ng'ambo ya kijiko, chumvi tupu, Kachchh.
Cheupe katikati ni Rajkot, ya reli na makarani.
Cha sukari, kinene, kinashuka kusini: Junagadh,
na msitu wa simba.
"Simba, Ndunge! Hapana nyinyi peke yenu."
Bhavnagar anaisukuma mashariki kwa ukucha.
Porbandar hana kidonge, anaweka punje ya uwele
iliyobaki kwenye sahani tangu chakula cha mchana.

Kisha kile cha moyo, ambacho daktari kaagiza nusu.
Anakiinua kwenye mwanga, upande uliokatwa ukinitazama.
"Elfu mbili kumi na tatu wanapasua Jamnagar.
Hii nusu ni wilaya mpya, ofisi yake Khambhalia,
jina yake ya miungu. Mimi zaliwa ndani ya hii nusu.
Mtoto ya kaka anapiga simu:
shangazi, hongera, umehama."

Nacheka, halafu nasita.
Mimi nilizaliwa Machakos.
Nikiwa darasa la tatu tukaamka Makueni,
mwalimu akafuta ubao, akaandika upya,
nasi tukanakili.
Na mwaka huo huo wake, wa kumi na tatu,
wilaya ikavikwa jina la kaunti,
mama akanieleza kwa simu, kirefu,
akamalizia kwamba maji ya bomba bado.

Kengele za mnara wa bustanini zinagonga saa tisa.
Kankuben anaanza kumeza.
Rajkot inashuka na chai, makarani na yote.
Jamnagar inafuata. Junagadh inakwama kidogo kooni,
anapiga kifua, "simba," anasema, inapita.
Bhavnagar. Hata punje ya uwele
anaiokota kwa kidole kilicholowa.

Inabaki nusu ile kiganjani.
Anaifunika, kama mtu anayeficha chenji.
"Hii kesho."
Namwambia ni ya moyo, Kankuben, haingoji.
"Imengoja mimi miaka sabini."

Kwenye fomu nimeandika Gujarati, kwa penseli.
Herufi nane. Sita zimebaki tupu.
Sasa daftari la zamu nalo linataka lake:
nusu kidonge hakikumezwa. Sababu:
halafu kisanduku,
kidogo kuliko kile cha kwanza.