Mifuko ya Namba Nne

Redioni wanasema Sakalani hulala alfajiri.
Wanasema ana magari matatu na wanawake wanne,
na kwamba lile bao la Jumapili lilimpita katikati ya miguu
kwa sababu miguu ilikuwa bado inacheza muziki wa Jumamosi.

Sibishani nao. Mimi ni dobi.
Kibanda changu kipo Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga,
unga na vumbi jekundu vinagombania kamba yangu ya kuanikia.
Kila Jumanne dada yake, Mbeleje, huniletea furushi.
"Mbukwenyi," husema, huyoo, keshaondoka.
Jezi hufuliwa na klabu.
Mimi humfua mtu aliyebaki.

Na kabla ya kuloweka hupekua mifuko. Ndiyo kazi:
kalamu moja ikisahaulika huua mashati kumi.

Basi nisikilizeni, nyie mnaojua maisha ya watu.
Namba nne, kitasa chetu pale Jamhuri,
mfukoni ana punje za uwele.
Ana risiti ya mabati kumi na manane, geji thelathini,
ya kupelekwa Mvumi.
Ana kadi ya kliniki ya mtoto mwenye ubini wa mtu mwingine.
Ana kijiti cha meno kilichotafunwa ncha zote mbili.
Suruali zake za kutokea zimechakaa magotini,
na sijui mwenye magari matatu hupiga magoti wapi:
kanisani, shambani, au mbele ya mwenye nyumba.

Manukato? Mara moja, mwezi wa nane, kwenye kola.
Niliyanusa, nikacheka peke yangu.
Ana miaka ishirini na minne.
Mlitaka anukie nini, dawa ya kuchua?

Haya yote ningeyasema kwenye kahawa, kwa sauti,
na Chilewa fundi pikipiki angenyamaza siku hiyo.

Lakini Jumanne ile, baada ya lile bao,
siku za mgao wa maji, ndoo imefika shilingi mia tano,
kwenye kimfuko cha jinzi, kile kidogo cha sarafu,
nilikuta mkeka.
Si wa kulalia. Wa kubeti.
Mechi sita. Ya nne ilikuwa yetu.
Alama kando ya jina letu ilikuwa kwenye mkunjo,
wino umelia kwa jasho:
tunashinda, au sare, au lile jingine.
Ungeweza kuubandua kwa ukucha.
Miwani ilikuwa pale pale, juu ya pasi.

Huenda jinzi aliazima mtu.
Huenda karatasi ni ya dada, ya shemeji, ya jirani,
nusu ya Dodoma inabeti, hata mimi.
Nilishika ile jinzi mpaka povu likaanza kufa kwenye beseni,
maji ya mia tano yakipoa bure.
Nikaizamisha.
Karatasi ikawa uji.

Alhamisi Mbeleje alikuja kuchukua.
Hakusalimia. Alihesabu nguo mara mbili.
"Kaka anauliza, hukukuta karatasi?"
"Nimekuta risiti ya mabati," nikampa, niliitunza kwenye nailoni.
Upepo ulileta unga, ukatupaka wote nyusi.
"Hiyo tu?"
"Hiyo tu."
Akanilipa zaidi ya bei. Nikarudisha chenji yote.

Jumamosi nilikaa mzunguko, upande wa jua,
maana kivuli kina kiingilio chake.
Nyuma yangu mmoja alipiga kelele: "Mlevi! Kalale kwenu!"
Niligeuka nimtetee.
Nilifungua mdomo, nikakuta sina sentensi,
nikanunua karanga.
Dakika ya themanini Sakalani aliutoa mpira mstarini kwa goti,
uwanja ukasimama, nami nikasimama,
nikapiga makofi kama wote,
mikono yangu ikinuka sabuni.