Kilo Arubaini na Mbili

Nanunua vyuma mimi,
shaba, risasi; sisemi
"cha nani hiki?" Sipimi
maneno kwenye mizani.

Juzi akaja Shebwana,
rukwama yalia sana,
juu, kitu kinafana
na maiti wa shukani.

"Mzungu wa kule Nyali,
fundi mitambo ya meli,
Mnorwei, kafa. Mali
yauzwa hata sahani."

Nikaifunua shuka:
mwanamke anacheka,
wa shaba, nywele kaweka
zimwagike mabegani.

Kugeuza nyuma sasa,
mgongo hana kabisa,
ni shimo, ni gogo hasa
lililooza kwa ndani.

Na chini, chini ya vazi,
mkia wa ng'ombe, wazi,
umesukwa kama uzi,
wachungulia pindoni.

Mishi, auzaye chai,
kapiga yowe: "Sikai!
Huyo ndiye, sikatai,
yule, yule wa njiani!

Marashi, macho mazito,
sauti ya utepeto,
ukitazama, ni kwato
za punda, mle garini."

Shebwana: "Mpishi kule
kanambia, jini yule
huvuta vijana mbele
wapotee misituni.

Mmoja, mwenye adabu,
alisema taratibu:
'Dada, nguo, si aibu,
mkia u hadharani.'

Jini alimshukuru,
akamuacha yu huru,
bahati ikawa nuru
kwenye zizi na shambani."

Arubaini na mbili
kilo. Tanuri li kali
Changamwe; kesho, mahali
pake ni koki bombani.

Nimelipa. Wamekwenda.
Mishi kahama kibanda,
jiko mkononi, kenda
kuketi ng'ambo penuni.

Nabaki na kitambaa,
ndimu, jivu la mkaa,
namsugua; ang'aa
paji hadi kidevuni.

Na mle shimoni mle,
alama ya dole lile
lililofinyanga, kule,
kwenye nta, baridini.

Nikatia dole langu:
latosha. Mja wa Mungu
wa mbali, na hapa kwangu
twashikana vidoleni.

Lori la Changamwe laja
saa kumi. Ninangoja.
Nina deni, nina haja
ya pesa, kodi dukani.

Leso ya mama, kipande,
nimemfunga upande
wa mkia, usipande
machoni pa majirani.

Kisha namnong'oneza:
"Dada, jini, wapendeza;
lori nitalipuuza,
kaa hapa, mizanini."

Asubuhi Mishi yuko
mlangoni, ana jiko,
haingii. "Leso iko
kombo," kasema, "nyongani."