Kibarua wa Njia ya Yeriko

Mimi nazijua njia. Msinifundishe njia.
Miaka saba nimeinama kwenye mteremko wa Yeriko,
kikapu begani, sururu mkononi,
nikiziba mashimo ili gari la mkubwa lisitikisike.
Hatukuambiwa ni nani atakayepita.
Ukubwa wake tuliupima kwa fimbo:
akija karani, viboko viwili;
akija liwali, hata punda walilia.

Kwa hiyo siku nilipomsikia yule mtu wa nyikani
akipaza sauti ng'ambo ya matete,
"Njia! Njia haijawa tayari!"
nilicheka. Nikamwambia Elidadi, mwenzangu wa zamu,
"Huyu naye msimamizi. Mbona hana fimbo?"

Tulishuka kumtazama, kama watu waendao kutazama moto.
Alikuwa mkavu kama ukuni wa mgunga.
Asali ilimgandia ndevuni, na nyuki mmoja mkaidi
alikizunguka kidevu chake kana kwamba anamdai.
Wanasema alizaliwa katika nyumba ya makuhani,
angeweza kuvaa kitani, kula nyama ya madhabahu, kunenepa;
lakini neno lilimwingia kama mwiba wa kisigino,
akashindwa kulala,
akashindwa kukanyaga mahali pamoja,
akatoka akichechemea nalo mpaka huku.

"Wewe wa sururu," aliniita. "Kazi yako nini?"
"Nasawazisha njia."
"Ipi?"
"Ya Yeriko, ya kupanda mjini."
"Na ile ya kwenda kwa ndugu yako?"

Sijui nani alimwambia.
Labda hakuambiwa.
Labda kila afikaye pale ana ndugu.

Mwaka aliokufa kaka yangu Ithieli,
matanga hayajaanuliwa, wageni bado wamelala uani,
nilikwenda shambani gizani na sururu hii hii,
nikaling'oa jiwe la mpaka,
nikalisogeza hatua tisa.
Hatua tisa za shayiri.
Asubuhi nilimpa pole mjane wake, Hogla,
na kucha zangu zilikuwa na udongo wake.

Nikaingia mtoni.
Maji ya Yordani si mazuri, nisiwadanganye:
yana tope, yananuka mizizi,
yana baridi ya theluji tusiyoiona.
Akanishika kisogo kama mtu azamishaye mtungi,
hata pumzi sikuvuta.
Nilipoibuka nilingoja wepesi. Haukuja.
Yalikuja maji puani, kikohozi,
na hesabu: hatua tisa, mavuno manne.

"Nenda sasa," akasema,
macho yake tayari kwa askari aliyesimama nyuma yangu.
"Niambie kwanza. Ni nani atakayepita?"
Akageuka kuutazama mteremko wangu, penye vumbi tu,
na nikaona kwamba anaogopa,
si kama sisi tulivyoiogopa fimbo,
bali kama mwenye nyumba aliyesikia hodi
na ufagio bado uko mkononi.

Niliiba usiku. Nikarudisha mchana,
jua la utosi, majirani juu ya madari yao.
Jiwe lilikuwa limezama, magugu yamelikumbatia,
na lilikuwa zito kurudi kuliko lilivyokuwa kwenda.
Hogla akatoka, unga mikononi hadi viwikoni.
Hakunisalimu. Alihesabu tu, kwa sauti,
kila nilipoburuta mguu:
saba. Nane. Tisa.
Nikalitua. Nikajifuta jasho.
Nilidhani sasa atasema neno, lolote, hata tusi.

"Kumi," akasema.
"Zilikuwa kumi. Usiku ule nilikuwa mlangoni."

Nikainama.
Nikaliinua tena.