Basi Namba Tisa

Ibra, muhula wa pili.
Bi Ghaniya ametandaza karatasi za alama mezani,
kahawa imepoa, hajaigusa.
Majina kumi na mawili ya mwisho
ni yale yale ya mwaka jana.
"Wazito," nikasema.
Mimi, mwalimu wao wa kusoma,
miaka sita na chaki, nikasema hivyo.

Hakunijibu. Kesho yake
hakuja kwa gari lake.
Tulimwona akishuka basi namba tisa,
baibui limeshika vumbi la wadi,
nyuma yake Shuruq, Mundhir, na wenzao wanaopiga miayo.
Akatazama saa: mbili kasoro dakika kumi.
Somo langu huanza saa moja na robo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,"
alinambia, kwa Kiswahili cha mama yake wa Pemba.
"Na mkuu asiyesikia,
guu la nani huvunjika?"

Hakumlaumu mtu.
Aliifuta ratiba kwa kiganja,
kusoma kukahamia baada ya mapumziko,
naye akawa anakaa dawati la nyuma, magoti yamembana,
kidole chake kando ya kidole cha Mundhir,
silabi kwa silabi.

Si wote waliopanda. Watatu wangali mkiani.
Shuruq bado huruka mistari akiona haya.
Wakaguzi wa Maskati walipouliza ni mradi gani huu,
aliwaonyesha saa ya ukutani.

Mimi nilikuwa nimeinamia daftari langu
nikifuta neno moja.
Wino ulikataa kutoka.