Kipimo cha Uzi

Leo nimefuma sufu kwa kidole kimoja.
Nilibofya, koti likashuka mabegani mwa avata
kama gunia la mkaa lililotobolewa mikono:
kila uzi mnene kama kamba ya kisimani,
kila mtande unapokutana na mshindio
pana kuliko kiganja chake.
Mtu mzima, ndevu zimechongwa,
amevaa jamvi.

Huddersfield, Novemba. Chini yangu duka la chipsi linafunga,
harufu ya siki inapanda ngazi bila hodi.
Nikapunguza kipimo. Rudufu mara nne,
jamvi likawa blanketi.
Mara kumi, blanketi likaanza kufikiria ukoti.
Mara mia nikapitiliza:
nyuzi zikazama, ikabaki rangi ya kijivu,
na alipoondoka kwenda mbali, mgongo wake
ukatambaa viwimbi
kama maji ya karai lililogongwa na goti.

Nikamwita Doreen Sykes wa mlango wa pili.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani, Lockwood,
kazi yake kuwinda kasoro,
fundo, uzi uliokatika,
akautililia mpaka kitambaa kisahau.
Alikuja na kioo chake cha shaba, cha inchi moja mraba,
akakibandika kwenye skrini, akafumba jicho la kushoto.
Kimya.
Kisha akacheka hadi akakohoa:
"Naona taa tu, mwanangu.
Nyekundu, kijani, buluu."
Akakirudisha mfukoni. "Kitufe chake kina upana gani?"
Kitufe?
"Cha koti. Hesabu nyuzi zinazopita chini yake."

Kitufe, inchi moja. Nyuzi, ishirini na nne.
Siku tatu nilikuwa nakodolea macho nguo
na kitufe kinanitazama.

Jumanne ikaja kazi ya Ruzuna, wa Toronto.
Ndugu zake wametapakaa kama mchele uliomwagika,
viza zimekataa, harusi itafanyika ndani ya skrini,
na mashangazi wote wavae kanga moja.
Alinitumia picha, kaipiga kitandani,
kivuli cha kichwa chake kimeangukia pembeni.
Nami, mwanafunzi mwema, nikarudufu:
ishirini na nne.

Shangazi akasimama mbele yangu
na miji ishirini na minne mwilini,
pindo zikimkata kifua kama reli,
na lile jina,
NIMEKUPA UZI, SINDANO TAFUTA,
kiunoni, kwapani, kisogoni, gotini,
limesemwa mara nyingi mpaka halisemi,
kuku tu, kuku wanaogombea punje.

Nilizima mashine. Nikala chipsi zilizopoa.

Nilichokuwa nimesahau hata mtoto wa kwetu anakijua:
sufu hujirudia, hiyo ndiyo kazi yake,
lakini kanga husema mara moja, ikageuka, ikaenda zake.
Basi nikaweka tabaka mbili.
Chini pamba tupu, nyuzi ndogo ndogo,
zirudiwe wee, mara mia tatu, nani anajali.
Juu yake picha ya Ruzuna, mara moja,
imenyooshwa kwa vipimo vya kitanda chake:
mji mmoja, pindo likiuzunguka,
na jina nyuma, chini kabisa,
dogo kiasi kwamba hulisomi
ila ukiwa nyuma ya shangazi, karibu,
na yeye anajua kwamba upo.

Kivuli cha kichwa sikukifuta.

Doreen alipopita na barua zangu zilizopotea mlangoni kwake
nilimzungusha shangazi taratibu.
Akauliza yale maandishi yanasemaje. Nikamwambia.
"Aa," akasema, "huyo ni mama mkwe wangu."
Halafu akainama, shingo ikarefuka,
kidole chake chenye kovu la sindano
kikagusa skrini na kuacha alama ya mafuta:
"Hapa. Chini ya kwapa. Pindo halikukutana."

Pikseli moja.
Nilikuwa nimeiona tangu asubuhi
nikatumaini ni jicho langu.
Nikamsogezea kiti.