Mlio wa Pampu

Mwezi wa kwanza sikugusa kinanda.
Komakech alinipa nyaya.
"Zikunje," akasema, "usizivunje shingo.
Mviringo mmoja juu, mmoja chini,
kama unamviringia mtoto shali,
si kama unamfunga mbuzi."
Nikakunja. Nikafagia. Nikapuliza vumbi jekundu la Gulu
kutoka kila tundu la mikseri.

Studio yetu ni stoo ya zamani ya simsim
nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki.
Ukutani magodoro mawili na trei za mayai
(mayai tuliyala kwanza, kwa zamu).
Ukivuta pumzi usiku, simsim bado ipo.

Mwezi wa pili: kusikiliza.
Alizima kila kitu, hata feni.
"Niambie chumba hiki kinasema nini."
Nikasema, kimya.
Akacheka mpaka kiti kikalia.
"Rudia."
Ndipo nikaisikia friji ya soda ya Mama Lamwaka
ng'ambo ya ukuta, ikinguruma nota moja,
mahali fulani kati ya la na si,
ikichoka kila baada ya dakika nne;
nikasikia damu yangu masikioni,
na trei moja ikibanduka kwenye gundi, polepole.

Kanisani nilipiga kinanda miaka sita,
vidole kumi, na vyote nilivitumia.
Kwa hiyo kazi ilipokuja, filamu ya dakika saba
kuhusu kisima kipya huko Pader,
na barua ya mteja: "huzuni mwanzoni,
matumaini kuanzia dakika ya tatu,"
nilijaza.
Fidla arobaini za kompyuta,
filimbi, ngoma, kwaya ya watu wasiokuwepo,
njia thelathini na mbili
zimepandana kama matofali ya tanuri.

Komakech hakusema neno.
Alinyoosha kidole, akazima njia moja.
Kisha nyingine.
Kwaya ikafa. Fidla zikafa, zote arobaini, bila matanga.
Mimi natafuna ukucha.
Mwishowe akabaki mwanamke kwenye skrini,
gauni la kijani, dumu la njano,
anasukuma mpini wa pampu:
kwii, ngo.
Kwii, ngo.
"Huyu alikuwa anaimba," akasema. "Ukamkatiza."

Umeme ukakatika papo hapo,
na sikuwa nimehifadhi chochote.
Sikulia. (Nililia kidogo.)

Usiku ule, mlio wa pampu ukiwa kwenye simu
na simu ikiwa na chaji ya kuombea,
niliichukua lukeme ya mjomba Otim,
nikagonga ndimi zake za chuma,
huu nauvuta, ule naurudisha,
mpaka mmoja ukapatana na kwii,
mwingine na ngo.
Nota mbili.
Ya tatu niliiacha ije yenyewe
pale maji yanapotoka.
Ikaja. Ilichelewa kidogo, kama maji.

Mteja alitazama mara mbili.
"Nzuri. Sasa muziki mtauweka lini?"
Akalipa nusu.

Kwa nusu hiyo tulinunua betri ya kutuvusha gizani,
na kilo ya nyama, maana mayai yalitosha.
Komakech akanirushia waya.
Nikaukunja. Juu, chini, juu.
Ng'ambo ya ukuta friji ya Mama Lamwaka ikanyamaza,
na sisi wawili, bila kuambizana,
tukainua vichwa.