Kulichagulia Wingu

Jumamosi, saa nane, juu ya paa la ploti ya Manyatta,
Kisumu. Kazi yangu ni nguo za watu:
kamba sita, mashuka ya mwalimu Imbuga,
nepi za pacha wa Mama Adhis, sare moja ya mlinzi
inayoning'iniza mikono kama aliyekwisha kusalimu amri.
Nalipwa shilingi kumi kwa kila beseni
nitazame juu, na likija la mvua, nianue.

Kwa hiyo usiniite mvivu ukinikuta chali.
Niko kazini.

Mawingu ya huku hayazuki popote tu.
Asubuhi unadhani ziwa limeyameza.
Mchana yanaanza kuota upande wa Nandi, nyuma ya genge,
kwanza moja, povu lililosahauliwa ukingoni mwa karai,
kisha ukoo mzima, na wakwe, na mizigo yao.

Nami nina redio ndogo ya kuchomeka kadi.
Kadi ni ya kaka yangu Ochido:
nyimbo mia tatu na tisa, hakuna hata moja yenye jina,
zote ni namba, kama wafungwa.

Nilijaribu benga. Haifai.
Gitaa linakimbia, wingu linatambaa,
ni kumpulizia kobe firimbi ya mbio.
Nikaweka ohangla: sare ya mlinzi ikatikisa mabega,
nikacheka, nikasahau kutazama juu.
Rumba, haya, rumba ilikaribia.
Wingu moja lilikwenda nayo dakika saba nzima,
pana, la kitajiri, limeachia vifungo vya tumboni.
Kisha mwimbaji akaanza kumlilia mwanamke
na wingu likawa mwanamke,
shingo, kilemba, kila kitu,
na mimi sikutaka liwe mtu.

Maneno yana ubaya huo.
Ukiliambia wingu ni kitu fulani, linakubali.
Kwaya ikaniletea malaika. Taarabu, jirani mwenye wivu.
Litungu likanipa ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe,
hadi mashuka ya Imbuga yakawa zizi.

Namba mia mbili na kumi na nne
niliibonyeza kwa kidole kilichoteleza.
Si wimbo. Ni chumba. Kiti kinasogezwa.
Kikohozi ninachokijua.
Halafu uzi mmoja wa gitaa: ting.
Chini kidogo. Ting. Umezidi. Ting.
Ochido anakaza, analegeza,
anajiambia, "Ngoja kwanza."
Dakika kumi na moja anautafutia sauti
wimbo ambao hauanzi,
au ulianza baadaye, kwenye kadi nyingine,
aliyoondoka nayo kwenda Doha kulinda mlango wa benki.

Na juu kule, jamani,
wingu lilikuwa karibu kuwa mtumbwi, likaghairi.
Karibu kuwa sikio. Ngoja kwanza.
Likajikunja, likajikunjua,
likajaribu kitu kisicho na jina, likakiacha
bila kuona haya.
Sikuliambia lolote.
Kwa mara ya kwanza tangu saa nane
mimi na redio na wingu tulikuwa na shughuli moja.

Ochido hupiga simu Ijumaa, dakika nne.
Huniambia anga la huko ni jeupe, tupu, kama sahani iliyooshwa.
Huniuliza, ya nyumbani yakoje siku hizi?
Nami husema, "Yapo,"
kisha tunazungumzia bei ya unga.

Ijumaa hii nitamwambia bado yanakaza nyuzi.
Nitamwambia hajapitwa na kitu.

Tone la kwanza lilinipata jinoni, mdomo wazi.
La pili sikulisikia, nilidhani ni uzi.
Nilipoinuka, kamba zote sita zilikuwa zinachuruzika,
sare ya mlinzi imekuwa nzito, imenyooka, inangoja zamu,
na Mama Adhis yuko chini ya ngazi,
mikono kiunoni, anahesabu:
ananidai nepi nane, kavu.